Rudi tena kesho: namna ya kupiga picha za maisha ya mtaani

Anayeanza kupiga picha mtaani hutoka na uroho wa kila kitu. Mzee mwenye mvi, mtoto anayekimbia, paka juu ya paa, machweo nyuma ya nguzo za umeme. Jioni anarudi na picha mia tatu, na hakuna hata mbili zinazojuana. Si vibaya kujifurahisha hivyo, lakini picha za hali halisi hazipatikani kwa kuzurura. Hupatikana kwa kurudi: mahali palepale, kwa watu walewale, kwenye kitu kilekile ambacho wengine wanakipita kila siku bila kukitupia jicho. Hatua zifuatazo ni za mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa, awe na kamera au simu tu.

1. Chagua kitu kidogo

"Maisha ya mtaani" ni mada kubwa mno. Ukiianza hivyo hutaimaliza wala hutajua umefika wapi. Tafuta kitu unachoweza kukitaja kwa pumzi moja: maandishi yaliyochorwa kwa mkono kwenye kuta za maduka, milango ya nyuma, mikono ya washona viatu, watu wanaosubiri basi kabla hakujapambazuka, viti vya walinzi. Kisha kipime kwa maswali manne. Je, unaweza kukifikia kwa miguu hata siku ambayo umechoka na huna nauli? Je, vipo vya kutosha, angalau ishirini? Je, hubadilika kwa saa, kwa msimu au kwa mwaka? Na je, kuna jambo unalolijua kukihusu ambalo mpita njia halijui? Likikosekana hilo la mwisho si neno, utalijua mbele ya safari. Likikosekana la kwanza, badili mada leo hii.

Udogo wa mada usikutie shaka. Mpigapicha Mfaransa Eugène Atget alitumia karibu miaka thelathini, hadi kifo chake mwaka 1927, akiipiga picha Paris: madirisha ya maduka, ngazi, vitasa vya milango, nyua za ndani, wachuuzi na waokota taka. Aliwauzia wachoraji, maktaba na makumbusho, na alizihesabu picha hizo kuwa nyaraka za kufanyia kazi. Baada ya kufa kwake, mpigapicha wa Marekani Berenice Abbott ndiye aliyehangaika kuiokoa sehemu kubwa ya kazi hiyo isipotee. Leo vitasa vile vya milango vina mengi ya kusema kuhusu mji ule kuliko picha nyingi za majumba yake makubwa.

Chukua kiti cha mlinzi, ukitazame kwa karibu. Mguu mmoja umefungwa waya, na waya umezungushwa mara nyingi hadi umekuwa mnene kuliko mguu wenyewe. Pa kukalia pamewekwa boksi lililokunjwa, na juu ya boksi kipande cha zulia chenye alama ya moto wa sigara. Mkono wa kulia umeng'aa kwa kushikwa, wa kushoto bado una vumbi, maana redio huwekwa upande huo. Ukutani, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, pana doa la mafuta. Hapo mtu hayupo, lakini unajua anaketi vipi, anasikiliza nini na usiku wake una urefu gani. Kitu cha namna hiyo kinatosha kukuweka kazini mwaka mzima.

2. Nenda kwanza bila kamera

Mara mbili tatu. Chukua daftari dogo, keti, tazama. Andika jua linaingia mtaani saa ngapi na linatokea upande upi, ni nani hufika mapema, nani hufunga mwisho, magari ya mizigo huziba njia wakati gani. Salimia. Nunua kitu kama kuna kinachouzwa. Watu wakikuzoea ukiwa mikono mitupu, siku utakayokuja na kamera hutakuwa mgeni mwenye kamera. Utakuwa yule wa jana.

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina picha. Ndiyo inayotofautisha kazi za watu.

3. Vifaa, kwa kifupi

Simu inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa laini kila unapoitoa mfukoni, maana mafuta ya vidole huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa kamera. Usivute picha kwa vidole viwili: ukishapita uwezo wa lenzi, simu inakata tu picha na kuikuza, songa mbele kwa miguu yako. Zima vichujio vya kulainisha uso na ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma, kwa sababu katika kazi hii mandhari ya nyuma ni nusu ya habari. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo na kushikilia kidole, fokasi (sehemu ya picha iliyo kali, isiyo na ukungu) na mwanga hufungwa. Kisha telezesha kidole chini kupunguza mwanga hadi anga na kuta nyeupe zirudishe rangi yake. Giza unaweza kuliinua baadaye kiasi fulani. Weupe ulioungua haurudi.

Mwenye kamera na achague lenzi moja, ya milimita 28 au 35 kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), na abaki nayo mradi mzima. Lenzi ndefu humruhusu mtu kujificha mbali, na picha huonyesha kwamba alijificha.

Kuna mbinu moja ya zamani ambayo inafaa kujifunza vizuri: kuweka fokasi kabla ya tukio. Lenzi ya milimita 35, tundu la f/8 (f ni kipimo cha upana wa tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi), fokasi kwenye mita 3, na kila kilichopo kati ya takriban mita 2 na mita 7 kitaonekana bila ukungu. Ukitumia milimita 28 kwa f/8 hiyohiyo na fokasi kwenye mita 3.3 hivi, unapata kuanzia mita 1.7 hadi upeo wa macho. Kamera haihangaiki kutafuta, wewe huhangaiki kusubiri. Kinachobaki ni kuijua mita 3 kwa mwili: ni hatua nne za kawaida. Zifanyie mazoezi nyumbani kwa futi kamba, ukikadiria umbali wa mlango, meza na ndoo, kisha upime. Baada ya wiki moja jicho halikosei sana.

Kasi ya shata, yaani kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea; 1/500 ni salama zaidi. Acha ISO, kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ipande yenyewe. Picha yenye chembechembe inasomeka, iliyotikisika haisomeki. Na hakikisha saa na tarehe za kamera ni sahihi, kwani utazihitaji baadaye.

4. Watu na ruhusa

Sheria kwanza. Hazifanani. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1907 inayotaka idhini ya mtu kabla ya sura yake kusambazwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ufaransa nayo inalinda kwa nguvu haki ya mtu juu ya picha yake. Kwingine kupiga hadharani kunaruhusiwa, ila kutumia picha hiyo kwenye tangazo la biashara ni jambo jingine kabisa. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, vizuizi vya barabarani na viwanja vya ndege ni maeneo ambayo nchi nyingi haziyafanyii mzaha. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kutoka.

Lakini kile kinachoruhusiwa na sheria na kile kinachofaa si kitu kimoja. Mpigapicha wa Marekani Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kati ya 1938 na 1941 kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, na nyingi ya picha hizo zikakaa hadi 1966 ndipo zikatoka kitabuni. Zinasifiwa, na zinastahili sifa. Hata hivyo mimi simshauri mtu anayerudi mtaa uleule kila wiki afiche kamera. Siku moja ataonekana, na siku hiyo mlango wa mtaa mzima unafungwa.

Kuomba si kazi ngumu kama inavyofikiriwa. Salimia kwanza, salamu kamili, usiitaje kamera kabla mwenzako hajajibu. Kisha sema mambo matatu: wewe ni nani, unafanya nini, atapata nini.

"Habari za kazi, mama. Mimi ni mpigapicha, nakusanya picha za watu wanaotengeneza viatu mtaa huu. Naomba nikupige ukiwa unaendelea na kazi yako, na wiki ijayo nitakuletea nakala."

Halafu nyamaza. Wengi huharibu kwa kuendelea kueleza hadi mtu anaanza kuwa na wasiwasi. Akikataa, jibu ni "Haya mama, asante, kazi njema", na kesho yake unamsalimia kwa uchangamfu uleule. Wapo wanaokubali mara ya tatu au ya nne, baada ya kuona kwamba salamu yako haikuwa chambo.

Akikubali, kuna tatizo la pili: atajipanga. Atanyoosha shingo, ataweka kitambaa vizuri, ataganda kama sanamu. Mpige hivyohivyo. Hiyo ni picha yake, ndiyo atakayoipenda na ndiyo utakayompelekea. Baada ya hapo usiondoke. Kaa, zungumza, mwache amalize soli aliyokuwa akiishona. Dakika kumi zikipita ataisahau kamera, na hapo kazi yako ndiyo inaanza.

Kuhusu pesa, usilipe kwa picha, maana ukilipa mmoja mtaa mzima unageuka kuwa jukwaa, na anayekuja baada yako atakuta bei. Lakini usimshangae anayeuliza "Mimi nitafaidika nini?" Ni swali la haki. Nunua bidhaa yake, leta nakala kama ulivyoahidi, mwambie ukweli kuhusu picha itakakopelekwa. Ahadi ya nakala isiyotimizwa ni deni ambalo mtaa haulisahau.

Mtoto, omba kwa mzazi au mlezi. Mtu aliyelala, aliyelewa, anayeumwa au anayelia, mwache. Aliyekaa chini, chuchumaa uwe kimo chake. Picha inayomtazama mtu kutoka juu humpunguza hata kama hukukusudia. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, ungeweza kumwonyesha mwenyewe picha hiyo na kumsomea maelezo yake kwa sauti, mbele ya watoto wake? Kama ungetaka kubadilisha neno lolote, badilisha sasa. Kama ungetaka kuficha picha yenyewe, ifute.

5. Kupiga

Kila unapofika piga kwa umbali tatu. Wa mbali, unaoonyesha mahali: mlango, barabara, nguzo, kiti kikiwa kidogo pembeni. Wa kati, unaoonyesha kitu au mtu mzima. Wa karibu sana, wa waya kwenye mguu wa kiti. Ukikosa wa mbali, miaka ikipita hakuna atakayejua ilikuwa wapi. Ukikosa wa karibu, hakuna atakayejali.

Badala ya kumfukuzia mtu, tafuta mandhari nzuri ya nyuma kisha usubiri aingie: ukuta wenye maandishi, mwanga unaopenya kati ya majengo mawili, mlango ulio wazi. Kabla ya kubonyeza zungusha jicho kwenye kingo nne za fremu, kwani huko ndiko hujificha mfuko wa plastiki, kiwiko kilichokatwa na nguzo inayochomoza kichwani mwa mtu. Anayefanya kazi ya mikono, subiri mikono ifike mahali pa kueleweka. Sindano ikiwa nusu ndani ya ngozi ya kiatu inasema zaidi ya sindano iliyo hewani.

Mwanga wa asubuhi na jioni huwapendeza watu. Kwa vitu, hasa kama unakusanya mfululizo wa vitu vya aina moja, siku ya mawingu ni bora. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959, walipiga minara ya maji na mitambo ya viwanda kwa miongo mingi chini ya anga ya mawingu, kitu katikati ya fremu, ili kivuli kisichanganye umbo. Waige kama unapiga viti: simama mbele moja kwa moja, kimo kilekile, umbali uleule, lenzi ileile. Viti ishirini vilivyopigwa hivyo huanza kulinganishwa na mtazamaji mwenyewe, bila wewe kumwambia kitu. Ukipiga kimoja kwa pembe, kingine kutoka juu, kingine wakati wa machweo, mtazamaji ataona mbinu zako tu.

Usisogeze kiti. Usiondoe kikombe kwa sababu kimekaa vibaya, wala usimwombe mtu arudie kitendo. Ukiona kikombe kinaharibu picha, hama wewe.

6. Andika usiku huohuo

Machi 1936, kwenye kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California, mpigapicha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja akiwa na watoto wake. Ikawa moja ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Lange alieleza baadaye kwamba hakumuuliza jina wala historia yake. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana kwa umma mwaka 1978, zaidi ya miaka arobaini baadaye, na familia yake imekanusha baadhi ya mambo yaliyoandikwa kuhusu siku ile. Lange alikuwa mwandishi makini wa maelezo kuliko wengi wetu. Basi fikiria sisi wengine.

Picha bila maelezo hubaki na uzuri wake, lakini huwezi kuitumia kuthibitisha chochote. Kabla ya kulala andika nani (kama ameridhia jina lake litumike), nini, wapi, lini, na jambo moja ulilosikia au kuliona ambalo picha haiwezi kulionyesha. Usiandike hivi: "Kiti cha matumaini." Andika hivi: "Kiti cha mlinzi wa zamu ya usiku, mlango wa nyuma wa ghala la nafaka, saa 12:40 asubuhi, baada ya mvua. Mguu wa kushoto umefungwa waya wa umeme. Mwenyewe anasema alikikuta hapo alipoajiriwa." Maneno kama "maskini", "aliyesahaulika" na "asiye na sauti" yaache. Aghlabu ana sauti, hukumsikiliza.

7. Chuja bila huruma

Mpigapicha Robert Frank alizunguka Marekani kuanzia 1955 akapiga picha zipatazo 27,000. Kitabu kilichotoka Paris mwaka 1958 kilikuwa na 83. Upande wa pili yupo mpigapicha Garry Winogrand, ambaye alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ya filamu ipatayo 2,500 ambayo hata haikuwa imesafishwa. Simu imetugeuza wengi kuwa akina Winogrand, isipokuwa kipaji.

Chuja mara mbili. Mara ya kwanza wiki moja baada ya kupiga, uondoe zilizoharibika na zinazorudiana tu. Mara ya pili miezi kadhaa baadaye, ukiwa umesahau jinsi ulivyotaabika kupata kila moja, maana jasho lako halionekani kwenye picha. Chapisha zilizobaki kwa karatasi za sentimita 10 kwa 15, zitandaze sakafuni, uzihamishehamishe. Mbili zinazosema jambo moja, toa moja. Usiweke nyuso tatu mfululizo. Pumzisha kwa kitu, kwa ukuta, kwa barabara tupu. Kisha mwite mtu anayeishi au kufanya kazi mtaa huo, si mpigapicha mwenzako, umuulize ipi ni ya uongo. Ataitambua upesi kukuzidi.

Marekebisho ya rangi na mwanga yawe kidogo, na yafanane kwa picha zote. Nyeusi na nyeupe ni uamuzi wa mradi mzima. Ukiitumia kwa picha za watu wenye shida pekee, ili zionekane nzito, unapamba shida za watu.

8. Nakala na hifadhi

Vivian Maier alikuwa yaya wa watoto huko Chicago, na alipiga picha zaidi ya laki moja za mitaani karibu bila mtu kuziona. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo vilipigwa mnada kwa sababu kodi ya chumba hicho haikulipwa. Alifariki 2009, kabla jina lake halijavuma. Picha ziliokolewa kwa bahati. Yako usiipe bahati kazi hiyo.

Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja mahali pengine mbali na nyumbani, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha namba, ili lijipange lenyewe. Maelezo yaandike ndani ya faili la picha kwa programu ya kupangia picha, si kwenye daftari peke yake. Unapomtumia mtu picha kwa simu, itume kama faili, maana programu nyingi za ujumbe hubana picha na kufuta taarifa zilizomo.

Nakala za karatasi wapelekee wenyewe kwa mkono, na siku hiyo nenda na daftari: watu wakiona picha hukumbuka majina, miaka, na mambo ambayo hawakuyasema ulipokuwa umeshika kamera. Seti moja iliyo kamili iulizie maktaba au makumbusho ya eneo lako kama wangependa kuipokea. Nyuma ya kila nakala andika tarehe, mahali na jina la mpigapicha kwa kalamu ya wino usiofutika, karibu na ukingo, bila kukandamiza, na uache wino ukauke kabla ya kuweka picha moja juu ya nyingine.